Shangazi, nataka kuhamia kwenye trela la bati kabla theluji haijaanguka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Lushoto, na huu ni mwaka wangu wa tisa Minnesota. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sina mtoto. Huku nilikuja kumfuata mume, tukaachana mwaka wa nne, nikatoka na mabegi mawili nikaenda kwa mdogo wangu wa kiume. Ana mke na watoto watatu. Wamenipa chumba besimenti. Nachangia dola 400 kwa mwezi na hajawahi kunidai. Wifi yangu hana tatizo.

Sasa nakuandikia habari ya trela, na naomba usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Kuna mama mmoja wa Kimarekani nafanya naye kazi, anaishi shambani, mwendo wa dakika 40 kutoka kazini. Kwenye ghala lao kulikuwa na trela la kusafiria la marehemu baba yake, Shasta ya mwaka 1968, urefu futi 16, yale yenye mabawa mawili ya bati mgongoni kama ndege ya kuchezea. Ndani kuna meza inayokunjwa ikawa kitanda, jiko la gesi la pleti tatu, sinki dogo, kabati za mbao za rangi ya asali, na madirisha ya luva kama yale ya shule ya msingi niliyosoma. Aliniuzia dola 2,800, nikalipa kwa mafungu manne. Siku ya mwisho akanikabidhi ufunguo, mmoja tu, mdogo, kama wa kufuli la sanduku la bweni.

Julai na Agosti nikitoka shifti Jumamosi asubuhi nilikuwa siendi nyumbani, naenda huko. Nafungua luva zote, upepo unaingia kutoka kwenye mahindi, nalala mpaka saa kumi jioni na hakuna anayegonga. Shangazi, sikumbuki mara ya mwisho kulala namna ile.

Nataka nihamie tarehe 1 Novemba, nikae mpaka Aprili. Mwenye shamba amekubali, anataka dola 150 kwa mwezi za umeme. Maana yake kila mwezi nitabaki na dola 250 zaidi, na nina paa la nyumba ya mama la kumalizia.

Najua baridi ya huku si ile ya Lushoto ya mwezi wa saba. Nimejiandaa. Nimenunua shiti za povu za inchi mbili za kuzungushia chini, wenyewe wanaita kulivalisha trela sketi, ili upepo usipite chini ya sakafu. Nimenunua mpira wa maji wenye waya wa umeme ndani usigande. Hita ya gesi iliyokuja na trela ina kutu, sijaiwasha, ila nimepata kwa mtu hita ndogo ya gesi ya kubeba, isiyo na dohani, na ninazo hita mbili za umeme za wati 1,500 kila moja. Umeme utatoka ghalani kwa waya wa kuunganisha wa futi 100. Mabomba ya ndani ni ya shaba, yale yale ya 1968, lakini kwenye video moja wamesema ukiacha bomba lidondoshe matone usiku kucha haligandi. Kona moja ya nyuma, chini ya dirisha, plaiwudi imelainika kidogo nikibonyeza, nimepaka silikoni. Gesi ni mtungi wa ratili 20, kuujaza dola 22, na mwenzangu anasema wa kuchomea nyama unamkaa majira yote ya joto.

Tatizo ni watu. Mdogo wangu nilipomwambia aliweka kijiko chini. Akasema, "Dada, watu watasema nimekufukuza." Tangu siku hiyo, wiki ya pili sasa, haligusi tena suala hilo, ila alimpigia mama. Mama naye akanipigia analia: "Umeolewa, umeachika, sasa unalala kwenye behewa?" Nikamwambia huku Wamarekani wengi tu wanaishi hivyo. Akanijibu, "Wamarekani wana kwao."

Kuna jambo jingine, ingawa si kubwa. Mama yake wifi anakuja Desemba kukaa na wajukuu miezi mitatu. Hakuna aliyeniambia nihame.

Shangazi, najidanganya? Trela la zamani hivi linaweza kuimudu baridi ya huku? Na kama linaweza, mama nimwambieje?

Mwenye Mabawa ya Bati, Minnesota

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sikucheka. Nilitabasamu mara moja tu, hapo kwenye ufunguo wa sanduku la bweni, kwa sababu na mimi niliwahi kuuvaa shingoni miaka minne na kamba yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kama nimekuelewa, una mambo mawili uliyoyafunga kwenye kanga moja. La kwanza ni la fundi: kibanda cha mbao na bati chenye umri wa zaidi ya nusu karne, kilichotengenezwa watu waende nacho ziwani Julai, kinaweza kumhifadhi mtu Januari ya Minnesota? La pili ni kwamba unataka kutoka kwa mdogo wako, na kila unayemwambia anasikia kitu ambacho hukukisema. Mdogo wako anasikia amekufukuza. Mama anasikia huna kwako.

Mimi si fundi. Nilimpigia mtu wa Moshi aliyekaa Michigan miaka mingi akitengeneza matrela ya namna hiyo, nikamsomea sehemu ya barua yako bila jina. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye hita isiyo na dohani. Akasema, "Hapo simama kwanza."

Basi na sisi tusimame hapo, na kwa hili sitakubembeleza. Wewe ni mtu wa Lushoto. Unajua kwa nini wazee walikuwa wanatoa jiko la mkaa nje kabla ya kulala hata kama baridi imeuma vipi. Hewa ile ya sumu haina harufu wala haiwashi macho. Mtu anasinzia tu. Hita ya gesi isiyo na dohani ndani ya chumba cha futi 16 kilichozibwa kila tundu ni jiko la mkaa lililovaa nguo nzuri. Na hata isipokuua, itakulowesha: kila kilo moja ya gesi ikiungua inatoa maji zaidi ya kilo moja na nusu, yote kama mvuke, na mvuke huo unakwenda kukaa kwenye bati la baridi, kwenye vichwa vya skrubu, kwenye ukuta nyuma ya mto wako. Ongeza pumzi zako na chai yako. Fundi anasema amewahi kuinua godoro la mtu Februari akakuta upande wa chini umeota ukungu mweusi na umegandia ubaoni.

Ile ya zamani yenye kutu nayo usiijaribu "kuona tu kama inawaka". Chuma chake cha ndani kikipasuka, moshi unaingia chumbani badala ya kwenda nje, na ufa wenyewe huuoni kwa macho. Kinachotakiwa ni hita inayovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje, iliyofungwa na mtu mwenye leseni ya gesi. Halafu ving'ora viwili: kimoja cha hewa ya sumu karibu na unapolaza kichwa, kingine cha gesi chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutuama. Hapo ndipo ile sketi yako ya povu inakuwa na pande mbili. Inazuia upepo, ni kweli, na kila anayekaa kwenye trela majira ya baridi huko anaiweka. Lakini pia inaweza kukusanyia gesi iliyovuja chini ya kitanda chako. Mitungi ikae nje ya sketi, na viungo vya bomba la gesi vipimwe kabla hujafunga shiti hata moja.

Nilimuuliza fundi kuhusu luva. Alicheka, kicheko cha mtu aliyekulia kwenye nyumba zenye luva. "Dirisha la luva," akaniambia, "lilibuniwa ili lisifunge." Kule kwetu ndiyo sifa yake: mvua inazuiwa, hewa inapita. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri sifa hiyo hiyo inageuka. Unaweza kukata plastiki ngumu ya kuangaza ukaipachika kwa ndani kwenye kila dirisha na mkanda wa sponji pembeni, au ukatumia ile karatasi ya plastiki inayokazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Itasaidia. Kuta zenyewe ndizo ngumu, kwa maana ndani yake kuna sufi ya faibaglasi ya unene wa inchi moja na nusu hivi, kama panya hawajaifanya kitanda miaka yote ile ghalani. Kuzifungua na kuzijaza upya ni kazi ya majira ya joto zima, si ya wiki mbili za Oktoba.

Halafu ile kona iliyolainika. Umeiandika kwa mstari mmoja, ukapaka silikoni, ukaenda zako. Fundi ndiyo iliyomkalisha kuliko zote baada ya hita. Shasta za miaka hiyo zimejengwa kwa fito za mbao, na bati la nje ni nguo tu. Plaiwudi ikilainika ndani, mara nyingi fito iliyo nyuma yake imekwisha siku nyingi, na silikoni juu ya ubao uliooza inayafungia maji ndani badala ya kuyazuia nje. Chukua bisibisi bapa, isukume polepole chini ya dirisha na kwenye pembe zote nne. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, basi trela halijawa tayari kubeba theluji juu ya paa, liwe na hita au lisiwe nayo.

Maji sasa. Yale matone ya usiku kucha, mwanangu, yanakwenda wapi? Kwenye nyumba yanashuka kwenye bomba lililofukiwa chini kabisa ardhini. Kwenye trela yanashuka kwenye bomba linaloning'inia hewani chini ya sakafu, tone linaganda, jingine linaganda juu yake, na asubuhi sinki limejaa. Shaba ya zamani ikiganda inapasuka, na utajua imepasuka siku itakapoyeyuka. Fundi anasema wengi wanaofanikiwa hawatumii mabomba kabisa majira ya baridi. Wanayamwaga, wanayapuliza kwa kompresa kwa nguvu ndogo, wanamimina kwenye mikunjo ya bomba chini ya sinki ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda (ya pinki ya matrela, si ile ya rejeta ya gari, ambayo ni sumu), kisha wanaishi kwa dumu la maji ndani na choo cha nyumba kubwa. Kwa hili nadhani unawazidi wanaotengeneza hizo video. Kuoga kwa ndoo na kata hakuna wa kukufundisha.

Umeme nitaupita haraka, lakini usiupite wewe. Soketi ya kawaida ya ghalani huko inabeba wati 1,800. Hita yako moja ya 1,500 inaifikisha ukingoni ikiwaka usiku kucha. Ya pili haina pa kukaa. Na waya wa futi 100 ukipashwa moto hivyo chini ya theluji, kisha uingie kwenye nyaya za mwaka 1968, ni jambo ambalo hata mwenye ghala angependa kulijua kabla. Fundi umeme anaweza kufunga soketi ya matrela ya amp 30 kwenye ukuta wa ghala, iwe na saketi yake. Hiyo itakupa wati 3,600. Ni gharama, na sijui kama mwenzako aliposema dola 150 alikuwa anafikiria hilo.

Gharama ndiyo iliyonirudisha kwenye barua yako mara ya pili, na kalamu mkononi.

Umesema utabaki na dola 250 kila mwezi. Mtungi wa kuchomea nyama Julai si mtungi wa kupasha moto Januari. Kwa hesabu ya fundi, trela la ukubwa huo, ambalo kuta hazijafunguliwa, linakula mtungi wa ratili 20 kwa siku mbili hivi kwenye Januari ya kawaida, na wiki ya baridi kali siku moja na kidogo. Chukua siku mbili. Ni mitungi 15 kwa mwezi, dola 330. Bado hujaweka hita mpya, fundi wa gesi, fundi wa umeme, mafuta ya gari ya kwenda na kurudi shambani. Na kila mtungi lazima mtu aubebe, na mtu huyo ni wewe, umetoka shifti alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwenye koki. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Kwenye baridi ya namna hiyo gesi yenyewe inachoka: mtungi mdogo uliobaki nusu hautoi mvuke wa kutosha, hita inazima, na inazima saa ile ile usiyotaka izime.

Kwa hiyo paa la mama halitamalizwa na trela. Pengine ulishalijua hilo. Wewe ni mtu wa hesabu, umenitajia mpaka bei ya gesi, halafu hukuizidisha. Nilijiuliza kwa nini.

Ndipo nikahesabu maneno. Trela limekula karibu nusu ya barua yako. Wifi yako amepata maneno manne: "Wifi yangu hana tatizo." Ugeni wa mama yake umeuweka mwishoni, ukaanza kwa kusema si jambo kubwa, na ukamaliza kwa kusema hakuna aliyekuambia uhame. Mwanangu, kuna aliyekuambia ubaki? Namaanisha kwa mdomo wake, kwamba mama akija atalala mahali fulani na chumba cha besimenti ni chako. Au umeona tarehe ya Desemba kwenye kalenda, ukaanza kufungasha Oktoba ili usije ukaambiwa?

Huenda nakosea. Inawezekana wamekwisha kupanga bibi alale na wajukuu, na wanashangaa kwa nini unakimbilia shambani. Inawezekana pia wifi yako amekaa na jambo lile lile moyoni, hajui aanzie wapi, kwa sababu wewe ni wifi mkubwa na unachangia 400 kila mwezi bila kukosa. Watu wazima wawili wanaweza kuheshimiana mpaka wakashindwa kuongea. Mdogo wako alipoweka kijiko chini, alisema watu watasema nini. Hakusema usiende, wala hakusema kaa. Wewe umeusikia ukimya wake kama kukataliwa. Ungeweza kumuuliza, nyinyi wawili tu, labda kwenye gari, ambapo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni: "Mama mkwe wako akija mmepanga alale wapi?" Swali dogo la ratiba. Hatari yake ni kwamba atajibu, na jibu likawa ndilo unaloliogopa. Lakini hapo angalau utakuwa unahama kwa kujua.

Na kuna ufunguo. Kutoka kwa baba ulikwenda kwa mume, kutoka kwa mume ukaenda kwa mdogo wako. Una miaka 43 na umenieleza kitu cha chuma cha senti kadhaa kwa uangalifu kuliko ulivyoieleza ndoa yako. Sikulaumu. Mtu anayelala mchana kwenye nyumba yenye watoto watatu anajua thamani ya mlango usiogongwa. Ninachokuuliza ni kama mlango huo lazima uwe huu, na lazima uwe Novemba hii.

Unaweza kwenda, kama ulivyopanga. Wapo wanaokaa kwenye matrela ya zamani majira yote ya baridi, na si vichaa. Lakini kwa mwaka huu ungekuwa unajifunza kila kitu kwa mara moja, peke yako, mbali na watu wako, na hita ambayo bado hujainunua. Ukichagua hivyo, uliza kwanza ofisi ya kaunti kama inaruhusu mtu kuishi kwenye trela shambani, maana sehemu nyingi huko haziruhusu au zina masharti, na anayepata barua ya faini ni mwenye shamba. Soma bima yako pia. Za matrela ya zamani kwa kawaida zinakuhesabu msafiri, si mkazi.

Unaweza kulilaza. Mwaga maji, weka dawa ya pinki, lifunike au mwombe mwenzako lirudi ghalani, kisha upange chumba kwa mtu mwingine mpaka Aprili, chenye ufunguo wake. Vyumba vya wauguzi wenzako vipo. Itakugharimu kuliko 400, na paa la mama litasubiri. Hatari nyingine ni ile ninayoiona kwako: ukiliweka trela mbali na macho majira yote ya baridi, na kila mtu akapumua, huenda likageuka hadithi ya "dada aliwahi kutaka".

Au ya katikati, ambayo fundi ndiye aliyenipa, mimi nikaipenda kwa sababu zangu. Novemba yote lala humo usiku usio na kazi tu, bila maji ya bomba, ukiwa na hita halali na ving'ora, simu imechajiwa, gari lina mafuta, na mwenye nyumba kubwa anajua upo. Weka kipimajoto kimoja karibu na mto na kingine chini ya kitanda. Andika. Weka mpaka mapema, ukiwa na joto mwilini na si usiku wenyewe: utabiri ukisema baridi itapita nyuzi 15 chini ya sifuri, huendi. Shida ya njia hii ni kwamba bado unarudi besimenti, na Desemba haisogei. Ndiyo maana lile swali la kwenye gari halikwepeki kwa njia yoyote kati ya hizi tatu.

Mama nimemwacha mwisho kwa kuwa ndiye aliyenigusa. "Wamarekani wana kwao." Uliyasikia kama matusi, nadhani. Mimi nimesikia mama aliyekuoza, akakupokea kwa simu ulipoachika, na sasa hajui akifikiria umelala wapi apeleke macho wapi. Behewa ni kitu kinachopita, halikai kituoni. Usimweleze kuhusu Wamarekani. Mpigie video ukiwa ndani mchana, jua likiwa limewaka kwenye zile kabati za asali, uweke chai mezani, umwonyeshe luva. Atazijua. Na mwambie ukweli wa hilo paa, kwamba lilikuwa sehemu ya hesabu yako. Sidhani kama anajua kuwa unapanga kulala kwenye baridi ili yeye asivujiwe. Ana haki ya kulisemea hilo.

Sijakuambia uende wala ubaki, na najua ulitaka mmoja wetu aseme. Anza na bisibisi Jumamosi hii ukitoka shifti, kabla hujalala. Ile kona ya nyuma. Halafu niandikie imezama kiasi gani, na mdogo wako alijibu nini.